Ukuta Uliosogea Sentimita Tisa

Inspekta alianza kwa kuvua viatu. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, ndani ya maabara ya fizikia yenye paa la bati, na miguu ilikuwa imemvimba hadi kamba za viatu zikamwachia alama. Hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu isipokuwa koplo wake, na huyo alishamzoea. Kesho yake saa nne asubuhi mhudumu wa maabara hiyo angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua mjomba wake, na Inspekta ndiye aliyetakiwa kutia sahihi kwenye jalada. Mkuu wa kituo alishapiga simu mara mbili kuuliza kalamu yake imekauka au vipi.

"Tembea tena," alisema.

"Inspekta, nimetembea mara sita. Hata harusini kwangu sikutembezwa hivi."

"Tembea."

Koplo akatembea. Juu ya meza kulikuwa na kisanduku cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kimefungwa waya uliokwenda kwenye kompyuta. Kisanduku kilitoa mlio mwembamba ambao sikio la mtu haliusikii, kikangoja mwangwi urudi, na kwa muda wa mwangwi huo kikajua kilicho mbele yake kiko umbali gani. Kilifanya hivyo mara ishirini kwa sekunde. Jina lake la darasani ni kihisi mwendo. Wanafunzi walikiita popo, kwa kuwa popo naye hupita gizani kwa kupiga kelele na kusikiliza. Koplo aliposogea mbele, mstari kwenye skrini ulishuka. Aliporudi nyuma, ulipanda. Alipotoka kabisa, mstari ukanyooka, maana popo alibaki kuutazama ukuta wa nyuma.

Inspekta alikuwa ameshajifunza kuusoma mstari huo, ingawa shuleni fizikia ilimtoa jasho. Hakuwa na jinsi. Shahidi pekee aliyekuwemo humu siku ya tukio alikuwa huyo popo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumatatu, saa nane na nusu mchana, mhudumu alifungua mlango kwa ufunguo wake akamkuta fundi wa maabara amelala chini ya rafu za vifaa, hana uhai. Fundi huyo, ambaye chuo kizima kilimwita Babu Popo, alikuwa kaka wa mama yake. Siku ile kila mtu alisema ni presha. Jumanne daktari akasema si presha, fuvu limepasuka kwa kuanguka kutoka juu. Kutoka juu ya nini? Ngazi ilikuwa imetundikwa kwenye ndoano yake ukutani, na mtu aliyepasuka fuvu hainuki akatundika ngazi. Jumatano Mkuu wa Idara ya Fizikia akaja kituoni mwenyewe, flashi mkononi. Amekumbuka, alisema, kwamba popo aliachwa amewashwa siku ile na kompyuta ikahifadhi alichokiona.

Juu ya faili, kwa maandishi, palionyesha kuwa limeanza saa nane na dakika tano mchana. Saa hiyo Mkuu wa Idara alikuwa kwenye kikao na watu kumi, kuanzia saa saba hadi saa tisa. Funguo za maabara zilikuwa tatu: mmoja mfukoni mwa marehemu, mmoja kwa Mkuu, na mmoja kwa mhudumu, ambaye hakuwa kwenye kikao chochote. Tena Ijumaa iliyotangulia baraza zima lilimsikia akimfokea mjomba wake. Kabla ya jua kuzama Jumatano alikuwa mahabusu.

Mstari wa faili lile ulichukua dakika kumi. Kwanza ukuta peke yake. Kisha ngazi, mita mbili na arobaini kutoka kwa popo. Kisha mtu akaja kusimama nyuma ya ngazi, akionekana kupitia nafasi za vipandio, mita mbili na tisini, akakaa hapo dakika tatu. Ngazi ikatikisika, ikatoweka. Mtu akapitapita, akatoka. Ukuta tena. Dakika ya tisa mtu alirudi, akasimama palepale, akaondoka moja kwa moja. Katikati ya kusimama huko mara ya pili mstari uliruka kidogo, kama kalamu iliyoteleza. Koplo alisema ni hitilafu. Inspekta alipazungushia duara kwa penseli akapaacha.

Kilichomkaa kooni hakikuwa kule kuruka. Kilikuwa ukuta.

"Soma ukuta wa sasa hivi," alimwambia koplo.

"Mita tatu na sentimita tisini na saba."

"Na wa kwenye faili?"

"Nne na sita." Koplo akahesabu kwa vidole bila kujificha. "Tofauti sentimita tisa. Labda meza ilisukumwa."

Inspekta aliinama, magoti yakalia. Miguu ya meza ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye zege, na bolti zilipakwa rangi ileile ya sakafu, rangi ya zamani isiyo na ufa. Popo naye alikuwa kwenye kishikio chake, skrubu zake zina vumbi. Akaupima ukuta tena, na tena, hadi mara kumi. Mara zote kumi popo alisema tatu na tisini na saba.

"Kifaa kibovu hukosea ovyo," alisema, akijisemea zaidi kuliko kusema na koplo. "Hiki hakikosei. Kinajirudia."

Mlango ulifunguliwa, akaingia Mkuu wa Idara, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na sura ya mtu anayepisha mafundi wamalize ili afunge nyumba.

"Bado mnahangaika na hiki kisanduku?"

"Kidogo tu, Mkuu. Kwa nini Jumatatu ukuta ulikuwa nne na sita, na leo ni tatu na tisini na saba?"

"Vifaa vya kufundishia hivi, mama. Makosa ya kipimo hayakosekani."

"Mara kumi nimepima."

"Basi mwanafunzi alibadilisha mpangilio kwenye kompyuta. Wanachokonoa kila kitu hawa." Alitabasamu. "Sentimita tisa haziwezi kumtoa muuaji jela."

"Kompyuta iliyohifadhi faili hili ndiyo hii?"

"Ndiyo, ila ilipata virusi Jumatano asubuhi, tukaisafisha yote. Bahati nilikuwa nimeshanakili faili."

"Bahati kweli," alisema Inspekta, akaanza kuvaa viatu.

Mkuu aliaga akatoka. Muda wote alioongea hakuitazama skrini hata mara moja. Inspekta aliliona hilo, ila alikuwa amechoka mno kujua limfikishe wapi, akaliandika tu kwenye kijitabu chake.

*

Saa kumi na moja jioni walimleta mhudumu kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kanga aliyoletewa na dadake mabegani, macho yamemwiva kwa kulia na kukosa usingizi. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Mikono aliilaza mezani bila kuambiwa, kama mtu aliyekwisha kukaguliwa mara nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina hamu."

"Nina swali moja la kijinga. Ukuta wa nyuma wa maabara uko mita ngapi kutoka kwa popo?"

"Saa ngapi?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Koplo, aliyekuwa akipiga mwayo mlangoni, akaufunga katikati.

"Umesemaje?"

"Nauliza saa ngapi. Asubuhi au mchana?" Mhudumu aliwatazama kwa zamu, akiogopa amekosea. "Ukuta wetu haukai mahali pamoja. Asubuhi kukiwa na baridi unakuwa nne na sita, nne na tano. Adhuhuri nne kamili. Mchana bati likishika moto, tatu na tisini na saba. Mjomba alikuwa anasema ukuta unavuta pumzi."

"Ukuta unasogea?"

"Hausogei, afande. Ni sauti. Hewa ya baridi sauti inakwenda polepole, mwangwi unachelewa kurudi, popo anadhani ukuta uko mbali. Hewa ya moto inakwenda mbio, anadhani uko karibu. Mjomba alipima mara tatu kila siku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, akaandika kwenye daftari, ili wanafunzi wajue cha kuongeza na cha kupunguza. Kabla hajapima ukuta hamruhusu mtu kugusa kitu. Watu walimcheka. Walisema Babu Popo anausalimia ukuta."

"Nawe unajua yote haya."

"Nimefagia humo miaka kumi na moja. Na yeye alikuwa haachi kuongea." Midomo ilimcheza. Akaibana.

Inspekta alimsubiri. Alikuwa na watoto watatu wa kike na alijua machozi hayaharakishwi.

"Ijumaa ulimfokea. Hilo hukulikana."

"Sikulikana. Nilimwambia siku nitakayomkuta amekufa humu sitalia hata chozi. Yote nilisema."

"Mligombana kwa nini?"

Mhudumu aliinua uso. "Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa hivyo. Wenzako waliniuliza mligombana, nikasema ndiyo. Wakaandika, basi."

Mmoja wa hao wenzake alikuwa amesimama mlangoni akijitia hamnazo.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ile ripoti ya Mkuu. Ya vipimo vya siku tisini, ile anayotaka kupandishwa nayo cheo. Mjomba aliiona kwa mpiga chapa. Ndani yake ukuta ni nne kamili siku zote tisini, asubuhi nne, mchana nne. Mjomba akasema huyu bwana hakupima hata siku moja, amekaa ofisini akatunga. Akasema Jumatatu asubuhi atamwambia usoni, na asipoiondoa atapeleka daftari kwenye kamati ya vyeo. Mimi nikamwambia achana na wakubwa, umebakiza miezi minne ustaafu, utafukuzwa kama mbwa. Akasema hawezi. Ndiyo nikapandisha sauti." Alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Nilikuwa namwogopea, afande. Nilimwogopea, basi."

"Jumatatu asubuhi wewe ulikuwa wapi?"

"Ukumbi wa mitihani, tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa saba. Nilikuwa nagawa karatasi. Wanafunzi mia mbili waliniona."

"Hukusema hivyo mwanzo."

"Mliniuliza saa nane, mama. Asubuhi hamkuitaja."

*

Daftari walikuwa nalo wenyewe. Hilo ndilo lililomuuma Inspekta kuliko uvimbe wa miguu. Lilikuwa kwenye sanduku la vielelezo, limefungiwa mfuko wa plastiki, na lebo yake ilisema: kielelezo namba kumi na saba, daftari moja la mahesabu, halina umuhimu. Mwandiko ulikuwa wake.

Alilifungua chini ya taa ya mezani. Miaka miwili ya ukuta, kila siku mistari mitatu, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Alipitisha kidole kurasa zote akitafuta siku moja tu ambayo mchana wa saa nane ulisoma nne na sita. Haikuwepo, hata siku za mvua. Ijumaa ya mwisho ilikuwa imejaa. Jumatatu ilikuwa na tarehe tu, kisha neno "asubuhi" na nukta mbili, na mbele yake patupu. Mzee aliandika tarehe, akamwasha popo, akapanda ngazi kushusha vifaa vya darasa la saa mbili huku akingoja dakika kumi ziishe. Hakushuka kuja kuandika jibu.

Akampigia simu daktari.

"Ulisema alikufa kati ya saa saba na saa nane na nusu mchana."

"Nilisema, na bado nasema."

"Sikukuuliza alianguka saa ngapi."

"Hukuniuliza. Nilidhani mna uhakika."

"Anaweza kuanguka saa moja asubuhi akafa saa nane?"

"Pigo lile, ndiyo. Damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa taratibu. Mtu anakaa saa sita, saba. Fahamu zinakuja na kupotea."

"Angeletwa kwako mapema?"

"Inspekta, nimewahi kufungua vichwa vibaya kuliko kile. Wengine leo ninakutana nao sokoni."

Inspekta alishukuru akakata simu. Kisha akalifungua tena jalada la kesi na kusoma maelezo yote tangu mwanzo, hata yale ya mfagiaji wa baraza ambayo hakuna mtu aliyeyajali.

*

Ijumaa saa moja kasoro robo asubuhi alikuwa maabara, koti limefungwa hadi shingoni. Koplo alikuja na chai kwenye chupa na kipimajoto alichoazima zahanati. Kilisoma nyuzi kumi na saba. Walimwasha popo, hakuna aliyetembea safari hii, wakautazama mstari ukijichora polepole.

"Nne na sita," alisema koplo. Kwa mara ya kwanza wiki nzima hakuongeza mzaha.

Saa mbili kamili Mkuu wa Idara aliingia, kama walivyomwomba. Inspekta alimwonyesha kiti mbele ya kompyuta. Yeye mwenyewe hakusimama. Asingeweza.

"Mkuu, leo sitakuchosha. Nne na sita ni ukuta wa asubuhi. Faili lako ni la asubuhi."

"Nimekwambia, makosa ya—"

"Wewe unafundisha somo hili. Baridi inafanya nini kwa sauti?"

Lilikuwa swali la mwaka wa kwanza, na jibu lake lilionekana likimpita Mkuu usoni, limechelewa.

"Lazima kuna mtu alibadilisha saa ya kompyuta," alisema hatimaye. "Labda yule mhudumu."

"Asubuhi hiyo mhudumu alikuwa na watu mia mbili ukumbini. Mwenye ufunguo wa tatu ni wewe. Kwenye maelezo yako umesema Jumatatu ulifika chuoni saa mbili."

"Ndiyo, saa mbili."

"Mlangoni palikuwa na karatasi: maabara imefungwa hadi saa nane, kwa amri ya Idara. Mwandiko wako."

"Niliibandika nilipofika. Niliona fundi hajafungua."

"Mfagiaji aliikuta hapo saa moja na nusu. Alipangusa mlango akiizunguka, ndiyo maana anaikumbuka."

Mkuu alizishika zile kalamu mbili mfukoni, kana kwamba anahakikisha hazijaibiwa. Nje kengele ya kipindi ililia, miguu ya wanafunzi ikapita barazani. Ilipotulia, alizungumza kwa sauti ya chini.

"Sikumsukuma."

Koplo alifungua daftari lake akaanza kuandika.

"Alikuwa juu ya ngazi, ananisomea siku tisini zangu mojamoja kama mahubiri. Nilimwambia ashuke tuongee kama watu wazima. Akaendelea. Nikaishika ngazi, nikaitikisa. Nilitaka ashuke tu. Aliteleza." Alizipapasa tena zile kalamu. "Hakutoa hata sauti. Nilijua amekufa. Nikatundika ngazi ili ionekane ameanguka mwenyewe kwa presha, nikatoka. Ningefanya nini na maiti?"

"Ulirudi."

"Nilirudi kuhakikisha sijasahau kitu. Alikuwa amekufa, mama. Naapa."

Inspekta aliivuta karatasi yenye duara la penseli akaiweka mezani. Kisha akaigeuza skrini imwelekee.

"Soma hapa. Dakika ya tisa."

Kwa mara ya kwanza Mkuu wa Idara aliutazama mstari.

"Hapa umesimama wewe, mita mbili na tisini. Popo haoni kilicho chini ya magoti, mzee alimwinua kidogo asisome sakafu. Kwa hiyo mzee akilala haonekani. Sasa tazama. Kitu kimekuja mbele yako, mita mbili na thelathini na tano. Kimeinuka kutoka chini. Kimekaa sekunde tatu, kimeshuka." Aligusa lile duara la penseli. "Ni mkono, Mkuu. Baada ya huo mkono ulisimama sekunde kumi na nane zaidi. Nimezihesabu. Kisha ukatoka, ukafunga, ukabandika karatasi ili mtu asiingie."

Macho ya Mkuu yalikuwa yamegota kwenye kile kidoa cha mstari, na uso wake ulikuwa umepauka, umezeeka. Alionekana kama anayekiona kwa mara ya kwanza kitu alichokwisha kukiona.

"Hukulisoma," alisema Inspekta. Hasira ilikuwa imempanda lakini haikupata nguvu za kutoka, ikabaki sauti ya kuchoka. "Ulibadilisha saa ya juu ukatuletea. Ungefungua faili dakika tano tu ungelifuta, na mimi leo ningemfunga yule dada. Hata la kuokoa shingo yako hukulisoma."

Koplo alifunga daftari akatoa pingu.

*

Saa tatu na nusu mhudumu aliachiwa. Alitia sahihi alipoonyeshwa, akarudishiwa vitu vyake kwenye bahasha: saa, simu, kitambaa, na ufunguo mmoja wenye kipande cha mkanda mwekundu. Inspekta alimpeleka mwenyewe hadi kwenye benchi la nje, akakaa naye. Angeweza kumwachia koplo. Hakuona ni haki.

Alimweleza kwa ufupi: Mkuu, ngazi, ripoti, daftari. Mhudumu alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo ni daftari," alisema. "Daftari lake ndilo lililonitoa."

"Ni daftari, na wewe. Mimi nililitia kwenye plastiki."

"Mlisema alikufa saa nane."

"Ndiyo, saa nane."

"Na alianguka saa ngapi?"

Kwa miaka ishirini na sita ya kazi Inspekta alikuwa amewadanganya wafiwa wengi, wote kwa huruma. Aliwaambia hakuumia, hakujua, ilikuwa papo hapo. Lakini hili lingesomwa mahakamani kwa sauti, mbele ya watu, na afadhali alisikie hapa kwanza.

"Saa moja na dakika kama kumi. Asubuhi."

Mhudumu hakulia. Alikuwa akihesabu, midomo ikienda kimyakimya, hadi akafika mwisho. Akaufungua mkono ulioshika ufunguo.

"Saa nne niliishiwa viti ukumbini," alisema. "Nikaja maabara kuchukua stuli. Nimefika mlangoni, ufunguo ninao mkononi hivi. Nikasoma ile karatasi."

Inspekta aliutazama ule ufunguo.

"Nikasema isije kuwa mtihani unaendelea ndani, mjomba akanigombeza. Nikarudi."

Koplo alitokea mlangoni kusema mkuu wa kituo yuko kwenye simu. Inspekta alimpungia mkono aende. Akavua viatu, akabaki hapo kwenye benchi na yule mwanamke.